Mashine Ikidorora, Mashabiki Waambiwe Nini?

Kampuni za michezo ya video hukosea mara nyingi katika hesabu, na hesabu husahihishwa. Makosa yanayodumu ni ya maneno: jina lililochaguliwa vibaya, ahadi iliyotolewa kwa haraka, jibu la dharau kwa mtu aliyeuliza swali la haki. Ndiyo maana nimeona si vibaya kulileta jambo hili katika jarida la kitivo cha lugha, ingawa najua baadhi ya wenzangu watasema ni mambo ya watoto. Swali langu ni hili: mashine ya michezo inapoletwa sokoni ikakataa kuuzwa, na wapo watu wachache walioinunua siku za mwanzo kwa mapenzi, kampuni iwatendee nini watu hao?

Kwa asiyefuatilia mambo haya, nieleze jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Mashine, ambayo vijana wa kwetu huiita «plei» hata ikiwa si ya Sony, mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo sana, pengine kwa hasara. Faida hutoka kwenye michezo. Kampuni nyingine zinazotengeneza michezo huuliza kwanza: mashine ngapi ziko majumbani mwa watu? Zikiwa chache, hazijisumbui. Michezo ikikosekana, mnunuzi mpya haoni sababu ya kutoa fedha zake, na mashine huzidi kuwa chache. Ni kama duka la sokoni Gety lililoishiwa sabuni na chumvi: wateja hawaji kwa sababu hakuna bidhaa, na bidhaa haziletwi kutoka Bunia kwa sababu wateja hawaji. Anayeweza kuukata mduara huo ni mteja wa kwanza, yule anayenunua kabla michezo haijawa mingi, akiamini kwamba itakuja. Ameikopesha kampuni imani yake, na dola zake pia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Nintendo ya Japani. Mwanzoni mwa 2011 ilitoa mashine ya mkononi iitwayo 3DS, kwa bei ya dola 249.99 huko Marekani. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo, dunia nzima ilinunua takriban 710,000 tu, kiasi kidogo mno kwa kampuni iliyozoea kuhesabu mamilioni. Mwishoni mwa Julai mkurugenzi mkuu, Satoru Iwata, akatangaza kwamba bei ingeshuka mwezi wa Agosti hadi dola 169.99. Mashine haikuwa imefikisha hata miezi sita. Aliyeinunua mwezi wa Machi alikuwa amepoteza dola 80, na kosa lake ni moja tu: kupenda mapema.

Iwata angeweza kunyamaza. Kushusha bei ni haki ya muuzaji, na sheria haimlazimishi kumrudishia kitu aliyenunua jana. Badala yake aliwaandikia wateja wa Japani, akasema wazi kwamba anajua waliomuunga mkono tangu mwanzo wanaweza kujiona wamesalitiwa. Kampuni ikawapa wanunuzi hao wa mwanzo michezo 20 ya bure: kumi ya mashine ya kale ya NES, na kumi ya Game Boy Advance. Hii kumi ya pili haikuwahi kuuzwa kwa mtu mwingine yeyote kwenye 3DS. Wakapewa na cheo, «mabalozi». Neno hilo lina uzito wake hata kwa Kiswahili, maana balozi, awe wa nchi au wa nyumba kumi, ni mtu anayesema kwa niaba ya wengine na kusikilizwa. Mteja aliyekuwa tayari kulalamika akajikuta ana heshima ya kulinda.

Na bado naamini kilichozituliza nyoyo zaidi ni mshahara. Iwata alikata nusu ya mshahara wake mwenyewe, na wakuu wenzake wakakatwa kati ya asilimia 20 na 30. Fedha hizo hazikutosha kuziba pengo la kampuni. Lakini msomaji wa ile barua aliona kwamba aliyekosea ndiye anayelipa kwanza. Mwezi wa Novemba ukaja mchezo wa Super Mario 3D Land, Desemba Mario Kart 7, na mashine ikasimama. Hadi inaondolewa sokoni ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 75. Bila michezo hiyo miwili barua ya Iwata ingebaki kuwa barua nzuri tu, hilo lazima tulikubali.

Palikuwa na sharti moja ambalo wasifiaji wengi hulipita haraka. Ili uhesabiwe kuwa balozi, ilibidi mashine yako iwe imeunganishwa na duka la mtandaoni la Nintendo kabla ya siku ya bei kushuka. Aliyenunua mapema lakini anaishi mahali pasipo na mtandao hakuonekana. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Baada ya 3DS, Nintendo hiyo hiyo ilijikwaa kwenye jina. Mashine yake ya nyumbani ya mwaka 2006, Wii, ilikuwa imepita milioni 100. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2012 ikaja mpya, ikaitwa Wii U. Herufi moja tu nyuma ya jina la zamani! Matangazo ya mwanzo yalionyesha zaidi ile maneti mpya yenye kioo kuliko sanduku lenyewe, na watu wengi wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyo nayo tayari. Iwata mwenyewe alikubali baadaye kwamba wateja hawakuielewa tofauti. Sisi tunaosoma semantiki tungesema jina lilishindwa kazi yake ya kwanza, yaani kutenga kitu kimoja na kingine. Ukimwita mtoto kwa jina la baba yake bila kuongeza chochote, usishangae barua za mtoto zikipelekwa kwa baba. Januari 2014 kampuni ikalazimika kupunguza makadirio ya mauzo ya mwaka wa fedha kutoka milioni 9 hadi milioni 2.8. Mshahara wa Iwata ukakatwa nusu tena, kwa miezi mitano.

Safari hii mashine haikupona. Iliishia milioni 13.56. Hata hivyo waliokuwa nayo hawakutupwa. Mwaka 2014 aliyenunua Mario Kart 8 na kuusajili kwa wakati alichagua mchezo mwingine bure. Machi 2015, Iwata alipotangaza kwamba kampuni itaanza kutengeneza michezo ya simu, alisema papo hapo kwamba mashine mpya inatayarishwa, ili mashabiki wasidhani wameachwa. Miezi minne baadaye alifariki. Na ule mchezo mkubwa wa Zelda ambao wenye Wii U walikuwa wameahidiwa tangu 2013 ulitoka tarehe 3 Machi 2017 kwenye mashine mpya, Switch, na siku hiyo hiyo kwenye Wii U pia, ingawa wakati huo Wii U ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Kibiashara ingekuwa rahisi kuwaambia: nunueni Switch kama mnautaka. Ahadi ilichelewa miaka miwili, lakini ililipwa kwa yule yule aliyeahidiwa.

Linganisha na Sega. Mei 1995, huko Marekani, ilitoa mashine ya Saturn ghafla, miezi kabla ya tarehe iliyokuwa imetangazwa, kwa dola 399 na katika maduka machache yaliyochaguliwa. Sony ikajibu kwamba PlayStation ingeuzwa dola 299. Maduka yaliyoachwa nje yalikasirika. Ila pigo kubwa kwa mashabiki lilikuja mwaka 1997, pale Bernie Stolar, mmoja wa wakuu wa Sega ya Marekani, aliposema hadharani kwamba Saturn si mustakabali wa kampuni. Alisema kweli, na wapo wanaomtetea kwa hilo. Mimi simtetei. Ukweli huo aliutoa bila kumpa mwenye Saturn chochote mkononi, na mashine iliyofuata, Dreamcast, ilifika Marekani tarehe 9 Septemba 1999. Kwa muda wote huo mtu alikaa na mashine ambayo mwenye nayo amekwisha kuifanyia matanga. Dreamcast ilikuwa mashine nzuri, lakini wengi walikuwa wamejifunza kungoja, na Sony ilikuwa njiani na PlayStation 2. Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kabisa kutengeneza mashine. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, aliyekuwa mgonjwa na akafariki miezi miwili baadaye, aliiachia kampuni mali yake yenye thamani ya takriban dola milioni 695 ili isizame. Tendo kubwa, ila lilikuja wakati wa kufunga mahesabu.

Sasa turudi kwa mtu asiye na mtandao, maana hapa ndipo suala linapotufikia sisi wa Ituri. Mei 2013 Microsoft ilionyesha Xbox One. Kulingana na masharti ya awali, mashine ilitakiwa iunganishwe na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo isichezeke. Na kuuziana michezo iliyotumika kungewekewa mipaka. Orodha ya nchi ambazo ingefanya kazi mwanzoni ilikuwa na nchi 21, na hakuna hata moja ya Afrika. Mkuu wa kitengo hicho, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu watu wasio na mtandao, alijibu kwamba kampuni inayo bidhaa kwa ajili yao: Xbox 360, yaani ile ya zamani.

Naomba msomaji alisikilize jibu hilo akiwa Gety, kusini mwa Bunia, mahali ambapo umeme ni wa paneli ya jua au wa jenereta, na mtandao wa simu huja na kuondoka. Maana yake ni: wewe baki na cha jana. Wala si sisi tuliomfanya arudi nyuma, kwa sababu hatukuwa katika hesabu yake. Ni mashabiki wa Marekani na Ulaya, wakiwamo mabaharia na askari walioko mbali na nyumbani, waliopiga kelele hadi tarehe 19 Juni masharti yakafutwa. Mattrick aliondoka mwezi uliofuata. Phil Spencer, aliyekabidhiwa kazi hiyo mwaka 2014, alishusha bei kwa kuitenganisha mashine na kamera ya Kinect, na mwaka 2015 akatangaza kwamba michezo ya Xbox 360 itaanza kuchezeka kwenye Xbox One bila kulipiwa upya. Mtu aliyekuwa amehifadhi diski zake za zamani aliambiwa kwa vitendo kwamba fedha zake hazikupotea. Xbox One haikuishinda PlayStation 4, lakini waliobaki nayo walibaki kwa hiari.

Kwetu inayotawala bado ni PlayStation 2. Ilitengenezwa tangu 2000 hadi mwanzoni mwa 2013 na kuuzwa zaidi ya milioni 150, kwa hiyo haikuwahi kudorora; naitaja kwa sababu ya maisha yake baada ya kifo. Michezo ya mpira ya FIFA 14 na PES 2014 ilikuwa bado inatolewa kwa ajili yake. Haihitaji mtandao wala akaunti. Mtu ananunua moja iliyotumika, televisheni na maneti mbili, anatoza watoto franka kwa kila mechi, na kwa fedha hizo analipa karo ya shule. Ikiharibika lenzi, fundi anaifungua. Kweli, diski nyingi zinazozunguka huku ni za kunakili na Sony haipati hata senti, kwa hiyo mhasibu wa Tokyo ana haki ya kuuliza kama sisi ni mashabiki waaminifu au wapitanjia. Lakini duka lake la mtandaoni lina orodha ya nchi, na Kongo haimo. Mwaminifu ambaye hakufunguliwa mlango angelipia wapi?

Machi 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya PlayStation 3, PSP na Vita. Mashabiki wakalalamika, na mwezi wa Aprili kampuni ikakiri kwamba uamuzi haukuwa sahihi, ikayaacha wazi ya PlayStation 3 na Vita. Nintendo nayo ilifunga maduka ya 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, baada ya kutoa taarifa mwaka mmoja mapema. Taarifa ya mapema ni adabu njema. Ningetaka iongezwe hatua moja: kabla ya kufunga, kampuni itoe sasisho la mwisho linaloiwezesha mashine kucheza kila kilichonunuliwa bila kuuliza ruhusa ya seva iliyozimwa, na itoe ramani za vipuri kwa mafundi. Mashine zilizochoka huko Ulaya na Dubai husafiri. Nyingine hufika Kampala, kisha Bunia, na baadaye hupanda pikipiki kuelekea Gety. Zile zinazodai seva zitafika huku zikiwa masanduku matupu.