Mwale wa Redio Wenye Shabaha

Antena ya kawaida hutawanya nguvu yake kama chemli itawanyavyo mwanga: hata pasipo mtu humulikwa. Katika mitaa yenye msongamano kama Mbagala, wilayani Temeke, hiyo ni hasara, kwani masafa ya redio yana kikomo na watumiaji wa intaneti huyagawana.

Mwaka 1905 mwanafizikia Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, alionyesha njia nyingine. Antena kadhaa hurusha wimbi lile lile, kila moja ikichelewa kidogo kuliko jirani yake. Kilele kikikutana na kilele, wimbi huongezeka nguvu. Kikikutana na bonde, hufifia. Hivyo huundwa mwale mwembamba, ambao huelekezwa bila kuigeuza antena.

Njia hii hutumika katika mitandao ya kizazi cha tano, ambayo huduma yake ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 2022. Programu ya kompyuta hupima mawimbi yatokayo kwenye simu, kisha hukokotoa ucheleweshaji ufaao. Nyumba mbili zilizo pande tofauti za mnara huweza kutumia masafa yale yale kwa wakati mmoja. Zikiwa upande mmoja, katika mstari mmoja na mnara, mwale hauwezi kuzitenganisha kwa urahisi. Hapo programu huzigawia zamu.