Jumamosi na Jumapili Katika Ghuba ya Tanga

Mwenye kutaka kuujua mji wa bandari asiuendee siku ya Jumatatu, wakati wenyeji wake wamezama katika kazi na makaratasi. Na auendee Ijumaa jioni, akae hadi Jumapili magharibi, awatazame watu wanavyokula, wanavyopumzika na wanavyobishana. Kwa kanuni hiyo twapenda leo kuwachukua wasomaji wetu, hasa wale wa bara ambao bahari wanaijua kwa picha tu, hadi Tanga, kaskazini ya pwani ya Tanzania. Mji huu umekuwa ukitajwa sana nchini Uganda kwa ajili ya mafuta, maana bomba la kilomita 1,443 litokalo Hoima limekusudiwa kukomea Chongoleani, rasi iliyo jirani kabisa na ghuba ya Tanga. Jiwe la msingi liliwekwa huko Agosti 2017 na Rais Museveni pamoja na marehemu Rais Magufuli. Lakini Tanga ilikuwa na mambo yake kabla ya bomba, na hayo ndiyo tuliyokusudia kuyaeleza.

Atokaye Mombasa huvuka mpaka Horohoro, na kutoka hapo hubakiwa na kilomita kama 65 za lami. Atokaye Dar es Salaam au Moshi hupita Segera na Muheza. Kwa njia yoyote ile, dalili ya kwanza ya kwamba amefika ni mkonge, mistari kwa mistari, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu moja aliyoiagiza kutoka Amerika ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo ndipo yalipozaliwa mashamba yaliyoujenga mji huu, reli yake na bandari yake.

Ghuba yenyewe ni ya utulivu. Bahari imeingia nchi kavu kwa ukarimu, na ng'ambo yake kumesimama mikoko. Mlangoni kuna kisiwa cha Ulenge chenye mnara wa taa, na katikati, mbele ya mji, kimelala kisiwa kidogo cha Toten, jina la Kijerumani lenye maana ya wafu. Upande wa kulia wa mtu atazamaye baharini ni Raskazone, mtaa wa majumba makubwa, miti mikubwa na upepo. Hapo ndipo jeshi la Waingereza na Wahindi, askari wapatao elfu nane, liliposhuka mapema Novemba 1914 kuja kuuteka mji, likarudishwa baharini na kikosi kidogo cha von Lettow-Vorbeck. Nyuki nao waliingia vitani wakauma pande zote mbili, na mpaka leo Waingereza wenyewe huyaita mapigano hayo vita vya nyuki.

Leo Raskazone hushukiwa na watoto wenye mipira na akina mama wenye vikapu. Lakini mgeni wa bara yampasa ajifunze jambo moja kabla ya kuvua viatu, nalo ni kuutazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwa ni wakati wa bamvua. Maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi jioni. Katika siku za maji mafu, nusu ya mwezi, mambo hugeuka, na bahari haina haraka ya kuja wala kuondoka. Tumewaona wageni wengi waliofika asubuhi ya bamvua na mataulo mabegani wakakuta matope na kaa, wakanung'unika kana kwamba wameibiwa. Wenyeji hawanung'uniki. Asubuhi kama hiyo ndiyo ya wanawake na watoto kwenda mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza na chaza, na jioni yake ndiyo ya kuogelea.

Jumamosi alfajiri pa kwenda ni Deep Sea, diko la wavuvi lililo pembeni mwa mji. Ngalawa na mashua huingia moja baada ya nyingine, samaki hutandazwa, na madalali huanza kunadi kwa kasi isiyomwachia mgeni nafasi ya kufikiri. Hapo huonekana changu, tasi, kolekole, pono, chewa, taa, ngisi, na majira yakiruhusu nguru na jodari. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari ni laini na wavuvi hufika mbali. Wakati wa kusi upepo huwa mkali, wengi hubaki ndani ya miamba, na mnada hupungua. Msomaji akiulizwa na mwenyeji amekuja wakati gani wa mwaka, asitaje mwezi. Ataje upepo, ataheshimiwa.

Kuhusu chakula, twakiri kwamba ni vigumu kuandika bila kuona njaa. Samaki wa Tanga huchomwa kisha akapakwa tui zito lenye ndimu na pilipili, naye huliwa na wali wa nazi. Pweza huchemshwa, na supu yake huuzwa jioni kwa vikombe kando ya barabara, karibu na mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa na kutiwa chumvi na pilipili. Kuna mkate wa mofa, mkate wa kumimina, vitumbua, bajia na kababu. Tena kuna maziwa. Mkoa wa Tanga una wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo chai ya hapa si ya kubahatisha. Sisi twaiweka mbele ya chai ya miji mingi ya pwani, na atakayebisha na aje ainywe kwanza.

Baada ya chakula watu hugawanyika. Vijana huelekea uwanja wa Mkwakwani, ambako Coastal Union na African Sports wameugawa mji huu vipande viwili kwa vizazi kadhaa. Wazee wa Coastal hawajaacha kusimulia ubingwa wa mwaka 1988. Wengine hukaa Bustani ya Jamhuri kutazama meli. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa ufukoni kwa matishari. Siku hizi kina kimechimbwa na gati zimeongezwa, zikaweza kufunga karibu. Usiku, hasa penye harusi, Ngamiani haulali. Mtaa huo, ambao barabara zake huitwa kwa namba badala ya majina, ndio uliolea taarabu ya Black Star na Lucky Star na sauti ya Bibi Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016. Nyimbo zao zilivuka mipaka, zikapigwa Mombasa na Bujumbura kama zilivyopigwa kwao.

Jumapili ni ya safari fupi. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini, karibu na mto Mkulumuzi. Ni mapango ya chokaa yenye giza totoro, na ni pango moja tu kati ya yote linaloingiwa na wageni, tena kwa kiongozi. Wako wanaoacha humo sadaka na maombi yao, na mgeni mwenye adabu hupita bila kugusa. Toten yahitaji kukubaliana na mwenye mashua. Huko kuna magofu ya misikiti na makaburi yaliyofunikwa na vichaka, na ukimya usio wa kawaida mbele ya bandari yenye kelele. Mpenzi wa lugha atataka kushika njia ya kusini hadi Machui, kwani katika kitongoji cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Twaona ajabu kwamba wanafunzi wengi waliomsoma darasani hawajui kuwa mshairi wao ni mtoto wa pwani hii.

Mbele zaidi ni Tongoni, penye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo ya zamani sana. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama ilikwama katika mafungu ya karibu na hapo, na Wareno wakaandika kwamba wenyeji waliwajia na machungwa matamu kuliko ya kwao Ureno. Machungwa ya Muheza yangali yakiuzwa leo kando ya barabara, na hatukuona sababu ya kuwapinga mabaharia wale.

Mwenye siku ya tatu ataendelea hadi Pangani, na kutoka pwani ya Ushongo ataweza kwenda Maziwe kwa mashua. Kisiwa hiki kilikuwa na miti, na kasa walipanda kwa wingi kutaga mayai yao. Miti ikatoweka, mchanga ukaliwa na mawimbi, na tangu miaka ya 1980 kimebaki fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado huja, maana hawakuambiwa. Mayai yao huhamishwa na watu wa kijijini hadi ufuko wa bara ili yasizame, na wageni wenye bahati huwaona watoto wa kasa wakikimbilia majini.

Habari hiyo ya Maziwe yatukumbusha kwamba pumziko hili lote, samaki wa Jumamosi na mwamba wa Jumapili, haliko salama. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilisikika milio ya baruti asubuhi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana za Afrika ambamo uvuvi huo haramu ulienea, na mlipuko mmoja ulitosha kuua samaki wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja mwamba ambao matumbawe huchukua miongo kuujenga tena. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 serikali iliwaandama wavuvi hao kwa nguvu, na milio ikapungua sana. Mwamba, hata hivyo, hauponi kwa amri.

Katika maji marefu nje ya ghuba yuko pia silikanti, samaki mwenye mapezi mfano wa viungo, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mnamo mwaka 2004 na baada yake walianza kunaswa wengi hapa Tanga, katika jarife za kuvulia papa. Nyama yake ni ya mafuta mno, haimfai mlaji, hivyo kila aliyenaswa alikufa bure. Mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake, ya kilomita za mraba 552, kutoka kaskazini ya mji hadi mdomo wa mto Pangani. Bomba na hifadhi sasa ni majirani, na wavuvi wa Chongoleani watakaa katikati yao. Kwa wavuvi, meli za mafuta maana yake ni maeneo yasiyoruhusiwa kutegwa nyavu, na swali la wapi watavua si la wageni wa mwisho wa juma kulijibu, ingawa samaki wanaowala hutoka huko.

Lipo dogo ambalo mgeni aweza kulifanya. Anaponunua samaki dikoni, na amshike mkononi na kumpapasa. Samaki wa mshipi au wavu hukaza, na uti wake wa mgongo ni mzima. Aliyepigwa baruti hulegea kama kitambaa, na akipasuliwa huonekana damu imevilia ndani na mifupa imeachana na nyama. Wanunuzi wazoefu wa Deep Sea humrudisha samaki huyo mezani bila kusema neno, wakaenda kwa muuzaji mwingine.