Kuzuia Vifo vya Kujiua: Sharika Zetu Zifanye Nini?

Tarehe 10 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua. Karibu watatu kati ya kila wanne walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo.

Vifo hivi vinazuilika. Katika toleo hili tunazieleza kamati za sharika na washirika wetu kazi tatu zilizo ndani ya uwezo wetu: kuuliza, kuondoa sumu hatari, na kutetea mabadiliko ya sheria. Ya kwanza inaanzia kwenye jumuiya. Ya mwisho inafika bungeni.

Kuuliza bila kuogopa

Wengi wetu tunahofia kwamba tukimuuliza mtu habari ya kujiua tutamtia wazo hilo. Tafiti hazijathibitisha hofu hiyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyemsikia.

Dalili ni hizi: mtu kusema amekuwa mzigo kwa wengine, kuaga watu ilhali hana safari, kugawa vitu vyake vya thamani, kujitenga na jumuiya, au kuzidisha pombe. Tuwe macho zaidi baada ya msiba, mavuno kuharibika, deni kubwa, ugomvi wa ndoa, au majibu mabaya ya hospitali. Zaidi ya yote, tumwangalie aliyewahi kujaribu, maana ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wengine.

Mzee wa kanisa au mama wa jumuiya aulize moja kwa moja: "Ndugu yangu, umefikia mahali pa kuwaza kujiua?" Akijibu ndiyo, asihubiriwe wala asikemewe. Asiachwe peke yake. Asindikizwe kwenye kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, kisha atembelewe tena wiki zinazofuata. Siri yake isitangazwe kanisani hata kwa njia ya maombi. Tukumbuke habari ya Eliya katika 1 Wafalme 19. Alipoomba kufa, Mungu hakumkaripia. Alimpa usingizi, chakula, na baadaye Elisha wa kufuatana naye.

Kazi hii haihitaji daktari kila mahali. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki jijini Harare. Wanawake wazee wa mtaa walifundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Malawi na Zanzibar.

Sumu za shambani

Katika sehemu za wakulima, dawa za kuua wadudu ni njia mojawapo kubwa ya vifo hivi. Uamuzi wa kujiua mara nyingi huja ghafla na kupita. Kama sumu kali haipo karibu saa hiyo, mtu huyo anaweza kuishi, na wengi walionusurika hawafi kwa kujiua baadaye.

Wahisani wengine wamependa kutoa masanduku yenye kufuli ya kutunzia dawa. Nia ni njema, lakini utafiti uliofanyika vijijini Sri Lanka na kuchapishwa mwaka 2017, katika kaya zaidi ya 50,000, haukuonyesha kuwa masanduku hayo yalipunguza watu kunywa sumu. Kilichosaidia nchi hiyo ni Serikali kupiga marufuku dawa zenye sumu kali zaidi. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa asilimia 70 hivi. Kwa hiyo tunashauri familia iondoe sumu kabisa nyumbani palipo na mtu aliye hatarini, na vyama vya wakulima viombe dawa zisizo hatari sana kwa binadamu.

Sheria inayonyamazisha

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tuliyoirithi tangu enzi za ukoloni, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Matokeo yake familia humficha mgonjwa, hudanganya hospitalini kuwa ni ajali, au humchelewesha kwa kuogopa polisi. Aliyehitaji matibabu na ushauri anatishiwa mahabusu. Uingereza yenyewe iliifuta sheria ya namna hii mwaka 1961. Ghana iliifuta mwaka 2023. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kama hicho kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Kanisa lina sauti inayosikika kwa wabunge, tuitumie.

Tunachoomba

Kila kamati ya usharika iteue watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanaoaminika kwa kutunza siri. Wajitambulishe kwa mganga wa kituo cha afya kilicho karibu, ili wajue nani wa kumwona na siku gani. Kamati izungumze na mbunge wake juu ya sheria hii. Palipotokea msiba wa aina hii, wachungaji na wazee wasimhukumu marehemu mbele ya jeneza. Wafiwa nao wako hatarini, na neno moja la hukumu laweza kuwafunga midomo.

Kwa washirika wetu wafadhili: msaada unaohitajika zaidi ni mafunzo ya wasikilizaji hawa, nauli ya kuwafikisha wagonjwa hospitalini, na gharama za kuwatembelea baadaye. Ni mambo yasiyopigika picha, lakini ndiyo yanayobakiza watu hai.

Mungu awabariki katika kazi hii.