Mji Uingojeao Baridi

Katika ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska, mahali ambapo ardhi ya Marekani humalizika kwa ulimi wa changarawe uliojitokeza baharini, upo mji wa Utqiaġvik, ambao hadi mwaka 2016, wakazi wake walipopiga kura kuurejeshea jina la wazee wao, ulijulikana katika ramani kwa jina la Barrow. Wakazi hao hawatimii 5,000, na wengi wao ni Wainupiat, taifa la wawindaji wa nyangumi ambao wahenga wao wameishi katika pwani hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Hakuna barabara iufikiayo mji huo kutoka popote. Aendaye huko hupanda ndege, na shehena nzito, kama vile mafuta, mbao na magari, hungojea miezi michache ya kiangazi ambayo matishari huweza kupita. Mti haumei. Hata hivyo ipo minazi michache karibu na ufuko, na mtu wa Lamu au Pemba akiiona hana budi kucheka, kwa kuwa vigogo vyake ni magogo yaliyotupwa pwani na mawimbi, na makuti yake ni mapande meusi marefu yatolewayo kinywani mwa nyangumi, yakapachikwa huko juu kwa mzaha.

Mtu angedhani kwamba katika mji wa namna hii hofu ya kila mwaka, kiangazi kinapokwisha, ni hofu ya baridi. Sivyo hata kidogo. Tangu Agosti inapomalizika hadi Novemba, jambo liwashughulishalo wenyeji ni kuchelewa kwa baridi, maana baridi ndiyo iletayo barafu ya bahari, na barafu ndiyo ngome yao, na njia yao, na uwanja wao wa kutafutia riziki. Kwa hiyo utabiri wa majira hayo hauna budi kusomwa kinyume cha mazoea yetu: penye habari ya joto zaidi ya wastani, hapo ndipo pa kuweka alama ya hatari.

Kuhusu jua hapahitajiwi utabiri wowote, kwa kuwa hesabu yake ni ya falaki na haina shaka. Kuanzia karibu na tarehe 10 Mei jua halitui kabisa, hata ifikapo tarehe 2 Agosti. Ndipo huanza kuzama, kwanza kwa dakika chache, kisha kwa haraka inayomshangaza mgeni, kila siku ikipoteza kwa wastani dakika zaidi ya 10 za nuru, mpaka karibu na tarehe 18 Novemba, linapotua adhuhuri na lisionekane tena kwa siku 65 hivi. Baina ya tarehe hizo mbili mbingu aghalabu imefunikwa. Septemba na Oktoba ni miezi ya mawingu mazito na ukungu, ndege zikiahirishwa na mzigo wa dukani ukikawia, na theluji ya Oktoba ni miongoni mwa theluji nyingi za mwaka, kwa sababu upepo upitao juu ya maji yaliyo wazi huchukua unyevu na kuutua pwani. Barafu ikishafunga bahari, chemchemi hiyo ya unyevu huzibwa, na mbingu huanza kukauka na kutakata.

Siri ya majira haya yote imo basi katika maji. Barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha juu sehemu kubwa ya nuru iipigayo, ilhali bahari iliyo wazi, kwa weusi wake, humeza zaidi ya asilimia 90. Kila barafu inapowahi kuyeyuka mwezi wa Juni au Julai, bahari hupata majuma mengi zaidi ya kunywa jua lisilotua, na joto hilo huwekwa humo kama akiba. Barafu ya Aktiki hufikia upungufu wake wa mwisho katikati ya Septemba. Mwaka 2012 ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.41, kiasi ambacho hakijapata kuonekana tangu setilaiti zianze kuipima. Baada ya hapo hewa hupoa upesi, lakini maji ya chumvi hayagandi mpaka yafike nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na kabla ya kufika huko sharti kwanza yaitoe akiba yao yote, yakiitoa hewani, juu ya mji. Ndiyo maana mwezi uliobadilika kuliko yote katika Utqiaġvik si Julai, kama mtu angetazamia, bali ni Oktoba: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baina ya 1979 na 2012 joto la Oktoba lilipanda kwa nyuzi 7.2 za Selsiasi, ambalo ni ongezeko la kutisha kwa kizazi kimoja.

Ongezeko hilo lilipata kuwahadaa hata walinzi wa takwimu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2017 wataalamu wa serikali ya Marekani, walipokuwa wakiandaa taarifa yao ya mwezi, waliona kwamba mji huu umetoweka katika hesabu za Alaska. Haukuwapo mwaka mzima. Programu ya kompyuta iliyowekwa kuchuja makosa, ambayo kazi yake ni kukilinganisha kituo kimoja na jirani zake na kukitilia shaka kikiachana nao ghafula, ilikuwa imekata shauri kwamba kipimajoto kimehamishwa au kimeharibika, ikayafuta masomo yake. Kipimajoto kilikuwa kizima. Ila barafu ya pwani ile ilikuwa imepungua mno, na mji ukapanda joto kupita jirani zake wa bara.

Atakaye kuona tofauti ya Oktoba ya zamani na ya sasa na azitazame habari mbili. Mwaka 1897 barafu iliwahi kushuka, ikazinasa meli nane za wavuvi wa nyangumi karibu na ncha hiyo, na serikali ya Marekani, ikihofia kwamba mabaharia zaidi ya 200 wangekufa kwa njaa, ilituma maafisa watatu wa meli ya doria waende kwa nchi kavu, katikati ya kipupwe, wakiswaga mamia ya kulungu wa theluji. Walifika mwishoni mwa Machi 1898. Ya pili wengi wanaikumbuka, kwa kuwa televisheni za dunia ziliitangaza kila jioni: Oktoba 1988 nyangumi watatu wa kijivu walikutwa wamezingirwa na barafu, wakipumulia matundu, na Wainupiat kwa misumeno ya injini wakawachongea tundu baada ya tundu kuelekea maji makuu, hata meli mbili za Kisovieti za kuvunjia barafu zikaitwa kuukata ukuta wa mwisho. Mmoja alitoweka, wawili wakapata njia. Yalikuwa hayo Oktoba. Na katika miaka hii ya karibuni bahari ileile katika mwezi uleule aghalabu ni maji matupu hata upeo wa macho, na pengine hubaki hivyo mpaka Novemba iingie.

Hapo ndipo lilipo suala la tufani. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea bahari ijaayo na kupwa kwa mita tatu au nne wakati wa bamvua, na hatari tunaijua kwa mwezi. Lakini huko Utqiaġvik kujaa na kupwa kwa kawaida hakutimizi hata shubiri moja, na kiinuacho maji ni upepo. Upepo wa mashariki, ambao ndio utawalao zaidi, huyasukuma maji na barafu mbali na mji. Ule wa magharibi na kusini-magharibi, unapovuma kwa nguvu juu ya Bahari ya Chukchi iliyo wazi kwa mamia ya kilomita, huyarundika maji juu ya ufuko na kupandisha mawimbi yasiyokuwa na cha kuyavunja. Tarehe 3 Oktoba 1963 barafu ilikuwa mbali, upepo ukapita kilomita 100 kwa saa, bahari ikapanda takriban mita 3, ikabeba nyumba na kuyachafua kwa chumvi maji ya kunywa. Septemba 2017 tufani nyingine ilikula barabara ya pwani na kuacha hasara ya mamilioni ya dola. Siku hizi, tufani ikitangazwa, matingatinga hushuka ufukoni kusukuma changarawe iwe boma kati ya nyumba na bahari, na boma hilo hujengwa upya kila linapobomoka. Nao wahandisi wa Jeshi la Marekani wamepanga ukingo wa mawe wa kilomita 8 hivi, kazi iliyotengewa fedha nyingi kuliko mji mdogo kama huo ungeweza kujitolea wenyewe.

Utabiri wenyewe hupatikanaje? Puto hurushwa mjini hapo mara mbili kwa siku, likichukua kifaa kidogo kipimacho joto, unyevu na upepo hadi juu sana angani. Setilaiti zipitazo juu ya ncha ya dunia hupiga picha za barafu. Na ofisi ya Idara ya Hali ya Hewa iliyoko Fairbanks, umbali wa kilomita 800 kusini, ndiyo itoayo ilani za tufani. Mwelekeo wa msimu mzima hutolewa kwa mtindo tuujuao sisi pia katika taarifa za mvua za vuli, yaani juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani, kila daraja na uwezekano wake. Kuna hata kiungo cha kweli baina ya taarifa hizo mbili, kwa kuwa El Niño, ambayo mara nyingi huzidisha vuli yetu, huelekea pia kukipunguzia ukali kipupwe cha Alaska. Lakini katika pwani ya kaskazini neno la kwanza ni la barafu, na kwa miaka mingi sasa mwelekeo wa majira hayo umekuwa ukiegemea joto. Tena wastani wenyewe haukai mahali pamoja. Hutungwa kwa miaka 30 na kubadilishwa kila baada ya 10, ule wa 1981 hadi 2010 ukaachia nafasi ule wa 1991 hadi 2020, na kwa maoni yangu mpango huu, ingawa una manufaa yake, hufanana na mwenye duka abadilishaye jiwe la mizani kisha akasema sukari haikupanda.

Nahodha wa Kiinupiat, lakini, hatafuti wastani. Katika Septemba na Oktoba nyangumi wakubwa wa Aktiki hupita karibu na mji wakitoka Bahari ya Beaufort kurudi magharibi, naye huwafuata kwa mashua ndogo za aluminiamu zenye mashine, katika maji ya wazi, kwa idadi iliyowekwa na mapatano ya kimataifa. Atakacho kujua ni upepo wa kesho na keshokutwa, na urefu wa wimbi, na kama ukungu utainuka kabla ya adhuhuri. Maana mnyama wa makumi ya tani akishapigwa sharti aburutwe kwa saa nyingi hadi pwani, na bahari ikichafuka njiani roho za watu zimo hatarini. Nyama hugawiwa nyumba kwa nyumba, na nyingine hushushwa katika maghala yaliyochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda daima, ambayo baadhi yake sasa huvuja maji. Mwaka 2019 mashua zilitoka siku baada ya siku, bahari ikiwa na joto lisilo la kawaida, na nyangumi hawakuonekana Septemba wala Oktoba. Wa kwanza alipatikana katikati ya Novemba, jua likiwa limebakiwa na siku chache tu za kuchomoza, na mabaharia wakamvuta hadi pwani katika bahari ambayo bado ilikuwa haijaganda.