Je, Wajua? Krismasi Huanzia kwa Fundi Cherehani

Je, wajua kwamba ukitaka kujua Krismasi imeanza lini Handeni au Korogwe, wa kumuuliza si padri bali fundi cherehani? Mama mwenye watoto wanne hupeleka kitambaa Novemba. Kila kipande kinaviringishwa, kinafungwa kwa utepe uliochanwa humohumo, kisha kinabanwa pini yenye kikaratasi: jina, na chini yake "tarehe 20". Anayechelewa huambiwa "njoo Januari". Hiyo ni nafuu. Msiba ni kuambiwa "njoo kesho" hadi mkesha.

Je, wajua kwamba kuna mti unaowatangulia wauza mapambo? Ni mkrismasi, ule wenye maua mekundu kama makaa. Asili yake ni Madagaska, na huku kwetu huanza kuchanua wiki kadhaa kabla ya sikukuu, bila umeme wala bei.

Je, wajua kwamba wenye maduka waliwahi kumfanya rais aguse kalenda? Marekani, mwaka 1939, Franklin Roosevelt aliisogeza Siku ya Shukrani kutoka Novemba 30 hadi 23, kwa kuwa wafanyabiashara walilalamika kwamba siku za manunuzi ya Krismasi zingekuwa chache. Majimbo mengine yaligoma, nchi moja ikala sikukuu ileile mara mbili. Bunge lao likaja kuamua siku moja mwaka 1941. Ufilipino hawajahitaji amri ya rais: nyimbo za Krismasi huanza kusikika Septemba.

Je, wajua kwamba Krismasi kubwa kuliko zote hapa kwetu ni ile inayopita tu? Desemba mabasi ya Moshi na Arusha hufuatana Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo, yamejaa watu ambao watani wao husema wanakwenda "kuhesabiwa". Utani huo una mizizi kuliko watani wanavyodhani. Kwa mujibu wa Injili ya Luka, Yusufu na Mariamu nao walikuwa safarini kwenda kuhesabiwa, na wao pia walifika mahali pakiwa pamejaa. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, na kila mwaka huwakumbusha wenye mabasi kwamba nauli ina kikomo. Hata treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, inayopita Korogwe, ilirudi relini Desemba 2019 baada ya kukosekana zaidi ya miaka 20. Mwezi wenyewe unajieleza.

Je, wajua kwamba haraka nyingine hutoka kikobani? Vikundi vingi vya kuweka na kukopa huvunja mzunguko na kugawana mwishoni mwa mwaka, na vibubu navyo hupasuliwa siku hizohizo. Mwenye duka analijua hilo vizuri. Desemba gauni za watoto zinaning'inia mlangoni na madaftari yako nyuma ya magunia ya mchele. Januari shule zikifunguliwa, vinabadilishana nafasi. Pesa ya gauni huwa ipo. Ya madaftari, mzazi anaijua mwenyewe.



Je, wajua kwamba kati ya sikukuu zetu, inayowahi kweli kila mwaka ni Idi? Krismasi imekaa palepale Desemba 25, wanaokimbia ni wauzaji. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka wa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana mwaka 2000 Idi el Fitri ilisaliwa mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Hesabu za mwezi zinaonyesha mambo hayo kujirudia 2033, na safari hii Idi ya pili inatazamiwa Desemba 23 au karibu na hapo, siku mbili tu kabla ya Krismasi.

Nilimweleza hayo fundi mmoja wa Korogwe, ambaye wateja wake ni wa dini zote mbili. Hakuinua macho kwenye sindano.

"Kitambaa uniletee Oktoba," akasema, "na nusu utangulize."