Usalama wa Ujenzi Huanza Kiwanja Kikiwa Kitupu

Kabla sijakubali kusimamia ujenzi wa nyumba yoyote, humwomba mwenye kiwanja tukutane palepale kiwanjani asubuhi, kabla hata tripu ya kwanza ya mchanga haijamwagwa. Ramani tutaifungua baadaye. Kwanza tutembee. Tunaanzia barabarani, tunazunguka mipaka yote, tunatazama juu, tunatazama chini, tunachungulia kwa jirani. Kila tunaposimama nauliza swali lilelile: hapa mtu anaweza kufa kwa kitu gani? Wengine hushtuka, wakaona nawaletea mkosi. Lakini jibu likipatikana siku hiyo, dawa yake huwa kalamu, mazungumzo na fedha kidogo. Likingoja mpaka mashine ya zege inanguruma na vibarua wamejaa uwanjani, hakuna mwenye nafasi ya kulisikiliza.

Kazi zangu ni za nyumba za watu binafsi hapa Dar es Salaam, hasa upande wa Goba, Kimara na Mbezi. Majengo makubwa yana mkandarasi aliyesajiliwa, mhandisi, bango la mradi na wakaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria wanayoisimamia, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Nyumba ya mtu binafsi mara nyingi ina fundi mkuu, saidia fundi aliowaleta mwenyewe, na bosi anayetuma hela kwa simu. Pale, mpango wa usalama usipoandikwa na sisi wenyewe, hakuna mwingine atakayekuja kuuandika.

Juu tunatafuta nyaya. Nondo za dukani zina urefu wa mita 12, na kijana akiisimamisha moja ili aigeuze, ncha yake inapita paa la nyumba ya chini. Laini ya volti 33,000 haihitaji hata kuguswa. Nondo ikisogea karibu mno, umeme unaruka. Kwa hiyo siku hiyohiyo tunaamua lori litashushia wapi na nondo zitakatwa na kukunjwa upande gani, mbali na nguzo. Laini ikiwa inapita juu ya kiwanja chenyewe, ombi la kuihamisha linakwenda TANESCO majani yakiwa bado hayajafyekwa, maana jambo hilo lina hatua zake.

Chini ndiko ninakokaa muda mrefu, kwa sababu kinachonitisha kuliko vyote ni shimo la choo. Watu huliona kazi ndogo. Wanaitwa vijana wawili, wanapewa sururu na chepeo, wanalipwa kwa futi. Mchanga wa pwani hausimami wenyewe, na walau mchimbaji anauona ukimwagika akajihadhari. Udongo mwekundu ni hatari zaidi: husimama wima siku nyingi, ukakupa imani, mpaka mvua inyeshe usiku mmoja. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowa huzidi. Pande la namna hiyo likimmegukia mtu aliyeinama, kumfukua kwa mikono kwa wakati ni vigumu mno. Hata akifunikwa mpaka kifuani tu, kichwa kikiwa nje na akiwa anaongea, kila anapotoa pumzi udongo unajisogeza kuziba nafasi, na kifua hakipanuki tena.

Kwangu shimo likipita mita 1.2, ama kuta zake zinachongwa kwa mteremko, ama zinabanwa kwa mbao na mirunda. Udongo unaotolewa unamwagwa angalau mita moja kutoka ukingoni, ngazi haitolewi ndani, na mtu mmoja anabaki juu akiangalia kuta wala hatumwi kokote. Haya nayaandika kabla ya kukubaliana bei. Anayelipwa kwa futi hatasimama nusu siku kubana kuta bila malipo, naye ana watoto wa kulisha. Mlipe kwa kubana kama unavyomlipa kwa kuchimba, utaona anabana.

Kiwanja kikiwa na shimo la zamani, hatari huwa nyingine. Hewa ya mle ndani inaweza kumzimisha mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Mwenzake anamrukia kumwokoa, naye anaanguka juu yake, kisha wa tatu. Familia zimepoteza ndugu kadhaa kwa mpigo kwa namna hii. Agizo langu ni kwamba hakuna anayeshuka kumfuata. Tunapiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Agizo kama hilo linatolewa siku ya kwanza, vichwa vikiwa vimetulia, kwa sababu hakuna mwanadamu anayeweza kulipokea akiwa anamtazama ndugu yake shimoni.

Nikiweza kuchagua, sichimbi msingi wala shimo kati ya Machi na Mei. Masika hujaza mitaro maji, na mtaro uliojaa maji huwavuta watoto wa mtaani. Kwa hiyo uzio wa mabati unatangulia, kisha ndiyo tuchimbe. Wenye nyumba wengi hupenda kinyume chake, eti mabati yatachakaa.

Kwa jirani natazama ukuta na msingi wake. Ukichimba kando ya msingi wa mwenzako na kuteremka chini yake, umeondoa udongo unaomshikilia. Jambo hilo anaulizwa mhandisi, na jirani anabishiwa hodi kabla ya kazi kuanza. Wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kukumbushwa kwamba jengo likianguka halichagui: tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa 16 zilizokuwa zikijengwa katikati ya jiji ziliporomoka na kuua watu 36, kifusi kikafunika hata magari yaliyokuwa nje. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, na waliofariki walizidi 20.

Kwa nyumba ya ghorofa naongeza hesabu ya slabu. Slabu yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita nne kwa nne ni karibu tani sita za zege bichi, zote zimebebwa na mirunda, na mirunda yenyewe mara nyingine imesimamishwa juu ya mchanga laini bila kipande cha ubao chini yake. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu iliyokusudiwa siku ya 28. Wiki ya kwanza, hata likimwagiliwa vizuri, liko kwenye theluthi mbili hivi. Kwa nini basi mirunda hung'olewa mapema? Mara nyingi ni kwa sababu imekodiwa kwa siku na hela ya kodi imekwisha, au fundi anaihitaji kwenye kazi yake nyingine. Basi kodi ya siku zote alizozitaja mhandisi iingie kwenye makadirio tangu mwanzo, pamoja na saruji. Vivyo hivyo majukwaa imara na vizuizi vya pembezoni mwa slabu na kwenye tundu la ngazi. Kuanguka kutoka juu kunaua wajenzi wengi kila mahali duniani.

Kitu kingine hakina gharama kabisa, nacho ni daftari. Saidia fundi wengi hujulikana kwa majina ya utani tu. Mmoja akianguka, anapokelewa hospitali bila jina, na mama yake yuko Singida hajui lolote. Kwangu hakuna anayeshika koleo kabla ya kuandikwa jina kamili na namba ya ndugu. Ukurasa huohuo una hospitali ya karibu na namba ya dereva atakayekuja hata saa nane mchana, jua likiwa kali na bodaboda zote zikiwa mbali.

Wewe unayejiandaa kujenga, usianze kwa kununua tofali. Mwite fundi wako kiwanjani, mtembee wote, na mwandike. Na fundi akikuambia kwamba kubana kuta za shimo ni kupoteza hela, tafuta fundi mwingine.