Msingi wa karakana: Hatari iko kwenye ukuta wa zamani

KUONGEZA chumba cha karakana ubavuni mwa nyumba si jambo geni jijini Dar es Salaam. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri; baada ya hapo kazi huachiwa sururu na chepe.

Hata hivyo, kinachopaswa kuhofiwa si chumba kipya, bali ukuta uliopo. Udongo ulio chini na pembeni mwa msingi wake ndio unaoubeba. Mtaro ukichimbwa kandokando yake na kupita kina cha msingi huo, udongo hukosa kizuizi, huporomokea mtaroni, na ukuta hupasuka au kuanguka.

Ndiyo maana fundi makini huanza na shimo dogo la uchunguzi, aone msingi wa zamani umeishia wapi. Ikilazimu kushuka zaidi, mhandisi huhitajika, na uchimbaji hufanywa kwa vipande vya takriban mita moja visivyofuatana, kila kimoja kikijazwa zege na kuachwa kikomae kabla ya kufungua kingine. Ni kazi ya polepole, na wenye nyumba wengi hawaipendi.

Kifusi nacho kisirundikwe ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuzidi tani 1.5, uzito unaotosha kumfukia mchimbaji.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mtaro ulioachwa wazi hujaa maji na kitako chake hugeuka tope. Tope hilo huondolewa lote kabla ya kumwaga zege, hata kama mafundi wanadai ujira wao.